Bustani Katikati ya Mji

Mtu wa kijijini akienda mji mkubwa, siku arudipo huulizwa habari za majumba marefu, na magari, na taa za usiku, na bei za vitu. Ndivyo nilivyoulizwa mimi niliporudi kutoka Nairobi mwezi wa Juni, mwaka 2018, nami nikajibu kadiri nilivyoweza. Walakini jambo lililonikaa moyoni kuliko yote halikuwa jengo. Lilikuwa mahali ambapo watu wamekataa kujenga, yaani bustani mbili zilizo katikati ya mji ule, ambako ardhi ni ghali mno, hata kipande cha kutandika mkeka hununuliwa kwa fedha nyingi. Leo nataka kuwaeleza habari za bustani hizo, maana naona zatuhusu sisi watu wa Karagwe na Kyerwa kuliko majumba yale yanavyotuhusu.

Safari yenyewe ilikuwa ya lazima. Mjomba wangu alikuwa na ugonjwa wa macho, nasi jamaa tukachanga fedha apelekwe kwa waganga wa Nairobi. Nami, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nikachaguliwa kumsindikiza. Tulipanda basi Kayanga, tukapita Kyaka na Mutukula, tukakata nchi ya Uganda kwa njia ya Masaka na Kampala, tukaingia Kenya kwa njia ya Busia. Mjomba akapewa kitanda. Mimi nikapewa ruhusa ya kumwona asubuhi kidogo na jioni kidogo. Saa zote za katikati nilipaswa kuwa nje. Na mwenyeji aliyenilaza alikaa mbali, pembeni kabisa mwa mji, hata nauli ya kwenda na kurudi adhuhuri ingalimaliza fedha ya chakula changu. Basi kila siku, tangu saa tatu asubuhi hata saa kumi jioni, nilikuwa mtu asiye na pa kukaa.

Ndugu zangu, hali hiyo hatuijui kwetu. Kwetu mpita njia akichoka huketi chini ya mti, au huingia kibanjani mwa mtu akaomba maji, naye hupewa maji na kigoda. Mjini si hivyo. Kila mahali pana mwenyewe, na kila mwenyewe akuuliza utanunua nini. Ukisimama mlangoni pa duka, mlinzi akuambia, “Songa mbele, ndugu.” Ukiketi katika mkahawa, chai yako ikiisha, mtumishi huja kuifuta meza mara ya kwanza, na mara ya pili, na mara ya tatu, nawe waelewa bila kuambiwa. Ukiketi juu ya ngazi za benki, askari huja. Siku ya kwanza nilitembea tu, barabara hii na barabara ile, hata miguu ikavimba. Siku ya pili nilimwuliza muuza magazeti mmoja mahali ambapo mtu aweza kuketi bila kununua kitu. Akanyosha kidole akasema, “Nenda Jeevanjee. Pale hakuna atakayekuuliza.”

Bustani hiyo ipo kati ya barabara ya Moi Avenue na ile ya Muindi Mbingu, karibu na soko kuu la zamani la mji. Si kubwa, ni kama eka tano tu, haifiki viwanja vitatu vya mpira. Ina miti ya kivuli, na majani, na njia za kupita, na viti virefu. Pande zote nne magari yapiga kelele, lakini ukiisha kuingia hatua hamsini kelele zapungua, na upepo wafika usoni.

Niliketi humo siku tisa, nami nikapata nafasi ya kutazama. Asubuhi walikuwamo wanaotafuta kazi, kila mtu na bahasha yake ya karatasi, wakisoma gazeti moja watu wanne kwa zamu. Saa sita za mchana walikuja makarani na wauza maduka, wakafungua mikate na ndizi walizofunga nyumbani. Walikuwamo wapiga picha wenye kamera shingoni, na wapiga viatu rangi, na mama waliotoka sokoni na mizigo yao wakipumzika kabla ya kutafuta gari. Upande mmoja mhubiri alihubiri kwa sauti kuu. Upande wa pili watu walisimama duara wakishindana kwa maneno juu ya mambo ya serikali. Wenyewe huita duara lao Bunge la Mwananchi. Humo nilimsikia kijana aliyevaa ndala akimpinga mzee aliyevaa suti juu ya bei ya unga, na mzee yule akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu, wala hakuna aliyemwuliza kijana yule yeye ni nani.

Sisemi kwamba mahali pale ni paradiso. Wezi wa mifukoni wamo. Mimi mwenyewe nilionywa nishike mfuko wangu. Watoto wasio na kwao wamo, wengine wakinusa gundi ili wasahau njaa, na jambo hilo lahuzunisha. Lakini hata watoto hao niliona kwamba bustani ndiyo mahali pekee ambapo hawakufukuzwa kila baada ya dakika tano.

Siku ya tatu aliketi karibu nami mzee mmoja, mwenye kofia na fimbo, mtu wa adabu sana. Tukaamkiana. Nilipomweleza ninakotoka na kazi yangu, akaanza kuniita Mwalimu. Nikamwuliza, “Mzee, wewe nawe wamngojea mgonjwa?”

Akacheka kidogo, akasema, “La, Mwalimu. Mimi nilikuwa karani miaka mingi, na sasa nimestaafu. Nakaa chumba kimoja pamoja na mwanangu na mkewe na wajukuu watatu. Mchana yafaa niwapishe wapate kupika na kufua. Chumba kile ndipo nilalapo. Sebule yangu ndiyo hii.”

Nikamwambia, “Sebule kubwa hii, Mzee.”

“Kubwa,” akasema, “na karibu tunyang'anywe.”

Ndipo akaniambia habari za bustani ile, nami baadaye nikazitafuta vitabuni na magazetini, nikaziona ni za kweli. Nitazieleza kwa ufupi.

Alikuwako mfanya biashara mmoja Mhindi, jina lake Alibhai Mulla Jeevanjee, aliyezaliwa Karachi mwaka 1856. Wakati reli ilipojengwa kutoka Mombasa kwenda bara, yeye alikuwa mkandarasi, akileta wafanya kazi na vyakula. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899, mahali palipokuwa bwawa na malisho ya Wamasai tu, na mji ukaanza kuota. Jeevanjee akapata mali nyingi. Yeye ndiye aliyeanzisha Mombasa gazeti lililokuja kuitwa The Standard, na ndiye Mhindi wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la nchi ile. Siku zile mji uligawanywa kwa rangi za watu: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Yeye mwenyewe, pamoja na utajiri wake, alikatazwa mengi kwa sababu ya rangi yake, naye alisimama kuyapinga. Basi mwaka 1906 alitoa bustani ile iwe ya watu wa mji. Akaweka humo sanamu ya Malkia Victoria wa Uingereza, nayo ikafunuliwa mwaka huohuo na Duke wa Connaught, mtoto wa malkia yule.

Jeevanjee akafa mwaka 1936. Utawala wa Kiingereza ukaisha mwaka 1963. Barabara zikabadilishwa majina. Sanamu ya malkia ilidumu miaka zaidi ya mia, hata mwaka 2015 watu wasiojulikana wakaivunja. Sanamu ilianguka, lakini bustani haikuanguka, maana sanamu ilikuwa ya malkia, na bustani ilikuwa ya watu.

Hatari yenyewe ilikuja mwaka 1991. Wakuu wa mji walifanya shauri la kuijenga bustani ile: magari yapate maegesho ya ghorofa, na wafanya biashara wapate soko. Shauri hilo lilisemwa kwa maneno mazuri, maana ni kweli kwamba magari yalikuwa mengi na wafanya biashara walihitaji mahali. Lakini mjukuu wa Jeevanjee, mama mmoja aitwaye Zarina Patel, alizisikia habari hizo. Hakuwa na cheo wala jeshi. Alijua jambo moja tu, kwamba babu yake aliitoa ardhi ile kwa watu wote, wala hakuitoa kwa wakuu wa mji ili waitumie watakavyo. Akapiga kelele magazetini, akakusanya watu, na watu wakajibu. Wakatokea wasimamizi wa bustani ambao hakuwajua, waliokuwa wakila mkate wao humo kila adhuhuri. Shauri likaachwa.

“Basi,” mzee yule akaniambia, “ukitaka kuona vita vilivyokuwa vikubwa zaidi, panda kilima hiki, ukavuke barabara kuu, ukaione Uhuru Park.”

Nikaenda kesho yake. Bustani ya Uhuru ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya Jeevanjee. Imelala mtelemkoni, na chini yake lilikuwapo ziwa dogo lenye mashua za kukodi, na ukiketi juu majanini waona majumba yote marefu ya mji yamesimama mbele yako kama darasa la watoto. Ilifunguliwa mwaka 1969 na Rais Jomo Kenyatta. Hapo ndipo Papa Yohane Paulo II alipoadhimisha Misa mwaka 1985 mbele ya umati mkubwa, na hapo ndipo Katiba mpya ya Kenya ilipotiwa sahihi tarehe 27 Agosti 2010. Wakati ule siku za kazi ilikuwa ni mahali pa watu maskini kulala usingizi kidogo chini ya mti, na siku za Jumapili ilikuwa ni mahali pa baba kumpeleka mtoto wake mashuani.

Mwaka 1989, miaka miwili kabla ya shauri la Jeevanjee, chama kilichokuwa kikitawala kiliazimia kujenga katika bustani hiyo jumba la ghorofa 60 kwa ajili ya gazeti lake na ofisi zake, refu kuliko majumba yote ya Afrika ya siku zile. Fedha nyingi za kujengea zilikuwa za kukopa ng'ambo. Aliyesimama kupinga alikuwa Profesa Wangari Maathai, mama aliyekuwa amewafundisha wanawake wa vijijini kupanda miti tangu mwaka 1977.

Nataka mtazame vizuri silaha aliyoitumia mama yule. Aliandika barua. Aliwaandikia wenye gazeti, akawaandikia mawaziri na wakuu wa mji, akawaandikia mabalozi, akiwauliza: Je, habari hizi ni za kweli? Je, nani ametoa ruhusa? Akamwuliza balozi wa Uingereza kama watu wa London wangekubali jumba la namna hiyo lijengwe katika bustani yao ya Hyde Park. Wengi hawakumjibu. Bungeni wabunge walipoteza saa ya mkutano wakimtukana na kumcheka. Rais wa wakati ule akasema mbele ya watu kwamba mwanamke mwema wa Kiafrika hunyamaza mbele ya wanaume. Chama chake cha kupanda miti kikafukuzwa katika ofisi zake, naye akaihamishia kazi nyumbani kwake. Lakini barua zake zilikuwa zimekwisha kufika, na maswali yake hayakuwa na jibu. Watu wa ng'ambo waliokuwa wakopeshe fedha wakaona aibu, wakajitenga. Jumba likapunguzwa, kisha likaachwa kabisa. Na mwanzo wa mwaka 1992 ua uliokuwa umezungushwa pale ukaondolewa.

Mwezi wa Februari mwaka huohuo, mama wazee ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa mambo ya siasa walikuja bustanini humo, wakaketi katika pembe moja wakifunga kula, wakidai wana wao wafunguliwe. Wangari Maathai aliketi pamoja nao. Tarehe 3 Machi askari waliwapiga, wakawatawanya. Mama hao wakahamia katika kanisa kuu la All Saints lililo karibu na bustani, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hata wana wao, wengi sana, walipofunguliwa. Pembe ile yaitwa hata leo Pembe ya Uhuru. Na mama yule aliyechekwa bungeni alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akafariki mwaka 2011.

Nilipokuwa nimeketi juu ya mtelemko ule niliwaza hivi. Kama lile jumba la ghorofa 60 lingalijengwa mwaka 1989, mama wale wangaliketi wapi mwaka 1992? Mlangoni pa jumba wangaliambiwa, “Songa mbele.” Aliyeilinda ardhi mwaka 1989 hakujua kwamba anawawekea mama wale mahali pa kulilia. Ndivyo ilivyo faida ya uwanja wa wote: hujui leo ni nani atakayeuhitaji kesho, wala kwa jambo gani. Ardhi isiyo na nyumba si ardhi isiyo na kazi.

Hata hapa kwetu Tanzania tuna mfano. Katika mji wa Dar es Salaam viko viwanja vya Mnazi Mmoja, kati ya mji wa zamani wa Wahindi na Kariakoo. Kwa asili viwanja hivyo viliachwa wazi na wakoloni ili kuwatenga watu, Waafrika wasikae karibu na wengine. Nia ilikuwa mbaya. Lakini kwa kuwa ardhi ilibaki wazi, watu waliigeuza kazi yake. Palipowekwa pa kutenganisha pakawa pa kukutania, kwa mikutano na kwa sherehe. Kama pangalijengwa, pasingaligeuzwa.

Sasa, msomaji, labda wasema: Mwalimu, hayo ni ya mijini, sisi tuna nafasi tele. Ndipo nilipotaka kufika. Je, twazo kweli?

Wazee wetu walikuwa na ardhi za namna mbili. Kulikuwa na kibanja cha migomba na kahawa, ambacho kina mwenyewe. Na kulikuwa na rweya, ile mbuga ya nyasi, ambamo kila mtu alichunga, na kila nyumba ilikata nyasi za kuezekea na za kutandika. Hakuna aliyeweza kusema rweya yote ni yangu. Leo, ewe msomaji wa Karagwe na Kyerwa, toka nje utazame. Watu wameongezeka. Rweya imekatwa vipande, hapa shamba la miti ya mtu, hapa ua wa ng'ombe wa mtu, hapa shamba la maharage la mtu. Sisemi wote wamefanya vibaya. Wengine walipewa kwa haki, nao wana watoto wa kulisha. Nasema tu kwamba kilichokuwa cha wote kimepungua, wala hakikupungua kwa siku moja. Mmoja hupanda migomba mitatu nje ya mpaka wake, na mwaka wa pili mitano, na mwaka wa tatu husema hapa ndipo palipokuwa mpaka wa baba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katika kijiji ninachofundisha upo uwanja kati ya shule na soko. Watoto huchezea mpira humo. Wauguzi wajapo kuwachanja watoto wachanga, mama hukusanyika humo. Mikutano hufanywa humo, na siku ya msiba mkubwa, nyumba ya mfiwa isipotosha, watu huketi humo. Sasa limezuka neno kwamba uwanja huo ugawanywe viwanja vya maduka. Nami yafaa niieleze hoja ya wenye neno hilo kwa haki, maana si hoja ya kijinga. Wasema: vijana wetu hawana kazi, na duka moja laweza kumlisha kijana na ndugu zake. Wasema: kijiji kitapata fedha, na fedha zitaezeka madarasa. Wasema: wakati wa mvua uwanja ni tope tupu, hauna faida. Hayo yote yana ukweli ndani yake.

Lakini tuyapime. Duka laweza kujengwa mahali pengi kando ya barabara. Uwanja ukiisha kuwa maduka, utapata wapi uwanja mwingine katikati ya kijiji? Fedha za kuuza ardhi huja mara moja tu, na watoto huzaliwa kila mwaka. Na tena, ni vijana gani watakaopata viwanja hivyo? Si wale wasio na kazi, maana hao hawana fedha ya kununua. Watapata wenye fedha tayari, na kijana yule atakodi kwao, ama atasimama mlangoni pao aambiwe, “Songa mbele, ndugu.” Basi kwa jina la maskini maskini huondolewa mahali pekee ambapo hakuulizwa atanunua nini. Ndivyo ilivyotaka kuwa Nairobi: maegesho yale ya ghorofa yangaliwafaa wenye magari, na mzee wangu wa sebule angalikosa sebule.

Watu wengi hudhani kwamba mambo hayo yako mikononi mwa wakubwa, nasi hatuna la kufanya. Sivyo. Ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Sheria hiyo yaigawanya ardhi ya kijiji mafungu matatu: ardhi inayotumiwa na watu wote kwa pamoja, ardhi inayokaliwa au kutumiwa na mtu au jamaa yake, na ardhi iliyowekwa akiba iweze kugawiwa baadaye. Yasema kwamba halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi bila kukubaliwa kwanza na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na Mkutano Mkuu ni nani? Ni kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18, mwanamume na mwanamke, aliyesoma na asiyesoma. Yasema tena kwamba halmashauri itunze daftari la ardhi za wote. Neno hilo la daftari ndilo kubwa, maana wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, ulinzi wa bustani zile mbili ulisimama juu ya nini? Naona mambo matatu. La kwanza, yalikuwako maandishi au kumbukumbu ya kweli: mjukuu alijua babu yake alimpa nani ardhi. La pili, alikuwako mtu aliyeuliza swali mapema, kabla matofali hayajapangwa, maana nyumba ikiisha kusimama haiulizwi tena. La tatu, walikuwako watu wanaoitumia ardhi ile kila siku, walioona kwamba wananyang'anywa kitu chao. Yakikosekana haya matatu, hakuna ua utakaolinda uwanja.

Kwa hiyo nashauri, ndugu zangu, tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Tuulize katika mkutano ujao kama uwanja wetu, na kipande cha rweya kilichosalia, na njia ya kisimani, vimeandikwa katika daftari la kijiji. Kama havijaandikwa, viandikwe siku hiyohiyo, pamoja na vipimo vyake. Tupande mpakani ule mmea ambao wazee waliupanda siku zote kutenganisha vibanja, omuramura, ambao kila mzee huheshimu ushuhuda wake. Tupande miti ya kivuli upande wa juu, watoto wa shule wakiimwagilia, na tuchimbe mfereji wa maji ya mvua, ili asiwepo wa kusema kwamba uwanja ni tope. Na akina mama, ambao huja mkutanoni wakakaa nyuma kimya, nawaomba wasikae nyuma siku hiyo. Mlivyosikia, bustani zote mbili za Nairobi ziliokolewa na wanawake.

Mjomba wangu alipona jicho moja, naye ashukuru kwa hilo. Jirani zangu bado waniuliza habari za majumba marefu ya Nairobi, nami nawaambia kwamba ni marefu kweli, na kwamba kila jumba lina mlango, na kila mlango una mlinzi. Uwanja wetu hauna mlango. Siku ya mkutano haiko mbali. Aliye na swali aje nalo, na aliye na kalamu aje nayo.